Mushahara kwa kompyuta: jina la mwalimu likipotea, nani anamusikiliza?

Tangu mwaka 2011, serikali ya Congo ilianza kulipa watumishi wake kupitia benki. Mbele ya hapo, makuta ya mushahara ilikuwa inasafiri ndani ya mifuko: kutoka Kinshasa mpaka ku jimbo, kisha ku teritware, mukono kwa mukono. Kila mukono uliweza kukata kidogo. Mwalimu wa kijijini alipokea wa mwisho, na mara nyingi hakujua serikali ilimutumia ngapi kamili.

Kompyuta imesaidia nini?

Leo watumishi wengi wana matrikile yao na akaunti yao. Kompyuta inapiga hesabu ya maelfu ya watu bila kuchoka. Inaweza pia kuonyesha kama namba moja inalipa watu wawili.

Lakini inasoma tu kile watu waliandika ndani. Mwaka 2023, Inspection générale des finances (IGF) ilitangaza kwamba ku listi ya mushahara ilikuta watu zaidi ya 145 000 wenye matrikile zisizo sahihi, na wengine zaidi ya 53 000 waliokuwa wanashiriki matrikile moja na mutu mwengine. Wizi haukuisha. Ulihama tu kutoka ku mufuko, ukaingia ndani ya mashine.

Wa uongo na mukimbizi

Kwa sababu hiyo, listi inapaswa kusafishwa. Na hapo shida ingine inaanza. Mwalimu wa uongo na mwalimu aliyekimbia vita, mbele ya mashine wanafanana: wote wawili hawakuonekana ku shule siku ya kuhesabu. Ni direkta wa shule, wazazi na inspekta ndio wanajua kwamba shule ilichomwa, na mwalimu sasa anafundishia watoto ndani ya kambi.

Majina nayo ni mutego. Ku diplome aliandikwa Mugisho, ku kadi ya kura Mugisyo. Kwa mashine, hao ni watu wawili. Mutu mwenye akili anatazama picha na tarehe ya kuzaliwa, anamaliza mambo kwa dakika tano.

Tena kuna njia ya kufika ku benki. Kwenye hakuna benki, Caritas ilipewa kazi ya kupelekea walimu mushahara wao, sababu kompyuta haivuki mutoni. Na tangu benki zilifunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, watu wengi waliona kwamba makuta yenye kuwa ku akaunti si lazima iwe chakula ku meza.

Ifanyike nini?

Mashine ihesabu na ionyeshe penye iko mashaka. Lakini kuondoa jina ku listi kusibaki kazi ya mashine peke yake. Mutu anayejulikana aweke sahihi, aandike sababu, na mwalimu apewe muda wa kujieleza mbele mushahara ukatwe.

Mwalimu naye achunge kopi za barua ya kazi, kadi ya kazi na karatasi za mushahara, na aweke picha yazo ku simu. Akipeleka malalamiko, aombe karatasi yenye tarehe na muhuri, yenye kuonyesha kwamba yalipokelewa. Neno la mudomo linasahaulika. Kompyuta nayo haisikie kilio.