Kostimu ya siku ya kutetea

Kila mwaka tunapokea mzazi kutoka Masisi ao Walikale anayetuletea neno lile lile: mtoto amemaliza kuandika kazi yake ya mwisho chuoni Goma, profesa ameikubali, lakini siku ya kuitetea mbele ya juri anaombwa kostimu, kravati na viatu vyeusi. Mbuzi wa mwisho aliuzwa kwa kulipa karo. Kostimu itatoka wapi?

Tufahamu kwanza kwamba desturi hiyo si ya zamani. Wazee wetu wanakumbuka Zaire ya Mobutu: tangu mwanzo wa miaka ya 1970 kostimu na kravati vilikatazwa, na maprofesa walifundisha wakiwa wamevaa abakosti, jina lililotoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kostimu chini". Wanawake nao walikatazwa suruali. Kravati zilirudi baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990. Basi vazi ambalo leo tunaliita la heshima, babu wa mwanafunzi huyu angepata nalo matata.

Hatusemi kwamba mavazi ni kitu bure. Iniforme ya buluu na nyeupe ina faida: mtoto wa mwenye ng'ombe na mtoto wa mkimbizi wanaketi sawa, hata kama kola iliyochanika haijifichi. Tena anayefua nguo na kupiga pasi anawaheshimu wanaomsikiliza. Lakini usafi ni jambo moja, bei ni lingine. Na njia ya kutoka Sake kupanda Masisi wakati wa mvua, sisi wote tunaijua. Anayefika bila tope kwenye suruali ni yule aliyebebwa ndani ya gari.

Tuseme ukweli juu yetu pia. Binti mmoja alirudi kutoka chuo kikuu, akaingia ibadani na suruali. Tulimsema wiki nzima, wala hatukumuuliza anasoma nini. Mwingine, mwanafunzi wa udaktari kutoka Walikale, alifika na bote za mpira, shemasi akamwonyesha benchi ya nyuma. Ni jambo lile lile Yakobo analolikemea katika sura ya 2, juu ya mwenye pete ya zahabu na maskini, nasi tulikuwa tumelihubiri mwezi uliotangulia! Hata Samweli, nabii kabisa, alimtazama Eliabu kwa urefu wake akakosea (1 Samweli 16).

Wachungaji wenzetu mnaoketi katika juri, mnaweza kuomba chuo kiandike "nguo safi" tu, na maksi zibaki kwa kazi.

Kwa sasa akina mama wa parokia yetu wanatunza kostimu mbili katika kabati la kwaya, moja ya mtu mrefu, moja ya mfupi. Anayetetea anaazima, anarudisha imefuliwa. Pindo la ile ndefu limekwisha kufumuliwa na kushonwa tena mara nne. Viatu ndivyo vinavyokosekana bado, zaidi namba 42.