Vyuma Vizito katika Nchi ya Wakimbiaji

Siku ya soko, Daraja Mbili mjini Kisii hujaa mikungu ya ndizi. Kijana anayeishusha kutoka kwenye lori tangu alfajiri ana mabega magumu na pumzi ya kutosha. Hata hivyo, mpe chuma cha kilo 100 achuchumae nacho begani, na huenda kikamshinda. Mwili wake umezoea kubeba mzigo wa wastani mara nyingi; mzigo mkubwa kabisa, wa mara moja, ni somo jingine.

Somo hilo lina utaratibu wake. Mnyanyuaji hutumia uzito unaokaribia kikomo chake, kuanzia asilimia 85 hivi. Anayeweza kilo 100 mara moja tu huweka 85 au 90, akanyanyua mara tatu hadi tano, kisha akaketi. Dakika tatu, hata tano. Mgeni akiingia jimu atadhani watu wamekuja kupiga gumzo.

Wiki za mwanzo nguvu hupanda ilhali shati bado linakaa vilevile. Kinachobadilika kwanza ni neva. Nyuzi za misuli huitwa kazini kwa mpangilio: zile dhaifu hutangulia, zenye nguvu zaidi husubiri mpaka mzigo uzidi. Uzito mkubwa huziamsha karibu zote tangu mwanzo. Misuli hunenepa baadaye, na kwa hilo uzito wa wastani, ukirudiwa hadi karibu kuishiwa nguvu, hufaa vilevile. Anayetaka kifua cha kupigia picha hana haja ya chuma kizito hivyo.

Mkimbiaji je? Gusii, eneo la Kisii na Nyamira, ni nchi ya mbio. Nyandika Maiyoro alikimbia Olimpiki za Melbourne 1956 na Roma 1960. Naftali Temu, naye Mgusii, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 jijini Mexico, alipomshinda Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita 10,000. Kwa urithi huo, si ajabu chuma kushukiwa kuwa adui wa wepesi. Lakini utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha vingine. Wakimbiaji wazoefu walichuchumaa nusu na chuma kizito, seti nne za mara nne, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Nguvu za miguu zilipanda kwa takriban theluthi moja, mwendo uleule ukawagharimu oksijeni pungufu kwa asilimia 5, na uzito wa mwili haukubadilika.

Vyuma vya dukani ni ghali, kwa hiyo mitaani watu humwaga saruji kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Kasoro yake ni kwamba kopo la kulia linaweza kulizidi la kushoto. Mizani ya kituo cha majani chai, iliyozagaa Nyamira nzima, ingelimaliza tatizo hilo kwa dakika moja, kabla mtu hajaingia chini ya mzigo huo, na mwenzake amesimama nyuma tayari kumshikia.