Kiwanja Ndani ya Simu: Biashara ya Ardhi Nchini Kenya

Mtu akitoka Nairobi kwa Barabara ya Kangundo, akapita Kamulu, Joska na Malaa, ataona nyanda zilizokuwa malisho na mashamba makubwa, ambazo leo zimekatwakatwa kuwa viwanja vidogo vyenye vigingi na nyaya. Hali ni hiyo hiyo Juja, Kitengela, Isinya na hata Nanyuki. Wanunuzi wa viwanja hivi ni walimu, wauguzi, madereva, wafanyakazi wa viwanda na wa mashamba ya maua, pamoja na Wakenya walio ng'ambo. Wengi wao walikiona kiwanja kwanza ndani ya simu, kabla ya kukanyaga udongo wake.

Tunaieleza biashara hii kwa sababu mbili. Kwanza, fedha inayowindwa ni ya mfanyakazi: akiba yake, mkopo wa chama chake cha akiba na mikopo, au kiinua mgongo alichokitumikia miaka 30. Pili, simu haijui mpaka. Tangazo lililotolewa Nairobi asubuhi linasomwa Arusha, Tanga na Mufindi kabla ya adhuhuri.

TOKA BANGO HADI SIMU

Zamani aliyetaka kuuza ardhi alilipia tangazo gazetini, akasimamisha bango kando ya barabara, au akamtegemea dalali wa mtaani. Facebook ilianzishwa mwaka 2004 na WhatsApp mwaka 2009. Katikati ya miaka hiyo, mwezi Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Mambo hayo yalipokutana, muuzaji alipata soko na sanduku la fedha katika chombo kimoja. Mteja huona kiwanja na kulipa arubuni bila kuinuka kitini.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Kampuni hufungua ukurasa wake na kuweka picha na video za shamba, mara nyingi zilizopigwa kutoka angani. Halafu huwalipa wenye mtandao ili tangazo liwafikie watu wa umri fulani, wa mji fulani, wenye kupenda mambo fulani. Hapa ndipo mtandao unapolishinda bango. Bango humsubiri mpita njia, lakini tangazo la simu humfuata mtu anayedhaniwa kuwa na fedha na haja ya kiwanja. Mtu akiuliza bei hadharani, huambiwa ameandikiwa faraghani. Toka hapo mazungumzo huhamia WhatsApp, na siku ya Jumamosi huandaliwa gari la bure la kwenda kutazama. Mwisho huja arubuni na malipo ya kila mwezi.

Njia hii si ovu kwa asili yake. Muuzaji mwaminifu humwezesha mfanyakazi kulinganisha bei za sehemu kumi bila kupoteza siku ya kazi. Huonyesha namba ya hati, ramani ya upimaji na ofisi inayojulikana. Wanunuzi wa awali nao huweza kusema hadharani kama walipata hati zao. Kampuni ndogo yenye ardhi halali inaweza kushindana na kubwa isiyomudu kuifikia gazetini.

MANENO YENYE MITEGO

Lakini lugha ya matangazo haya inahitaji masikio makini. "Dakika 5 kutoka lami" ni dakika za gari la nani, na katika msimu gani? Picha ya nyumba nzuri juu ya nyasi za kijani huenda ni mchoro tu. "Ofa inakwisha Ijumaa" ni maneno ya kumzuia mtu asiulize wakili siku ya Jumatatu. Wingi wa wafuasi nao si ushahidi, kwa kuwa wafuasi hununuliwa, na malalamiko yaliyoandikwa ukurasani hufutwa na mwenye ukurasa.

Chukueni mfano wa kipimo. Matangazo mengi husema "thumuni ya eka, futi 50 kwa 100". Eka moja ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo thumuni yake ni 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000 tu. Pengo ni futi 445 kwa kila kiwanja. Viwanja vinane hufanya pengo la futi 3,560, na muuzaji atasema zimekwenda kwenye barabara. Huenda ni kweli, lakini mnunuzi aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Mtego mkubwa zaidi ni maneno "hati ipo tayari". Mara nyingi hati iliyopo ni ya shamba zima, kwa jina la mwenye shamba. Hati ya kiwanja hutoka baada ya shamba kugawanywa kisheria na kusajiliwa. Kati ya siku hizo mbili mnunuzi hana ila risiti, na ikiwa shamba limewekwa rehani benki, risiti haiizuii benki kulinadi.

SHERIA ZASEMA NINI

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Mawakala wa Mali, ya mwaka 1984, inamtaka wakala wa mali isiyohamishika awe amesajiliwa na bodi. Sheria ya mikataba inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yawe na saini, na saini zishuhudiwe. Mazungumzo ya WhatsApp peke yake si kinga ya kutegemewa. Kwa ardhi ya kilimo katika maeneo yaliyotajwa kisheria, sheria ya mwaka 1967 inataka kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Ili kurahisisha ukaguzi wa rekodi, serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa mwezi Aprili 2021, ukaanzia Nairobi.

Hata hati mkononi si mwisho wa maneno. Mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba hati haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba mnunuzi lazima achunguze historia ya ardhi, si jina la mwisho tu.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo somo hilo lilionekana kwa macho. Huko Athi River matingatinga yalibomoa nyumba nyingi zilizojengwa juu ya ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wakazi wengi walisema walinunua viwanja vyao kwa fedha zao na walikuwa na karatasi mkononi. Akiba ya maisha ikawa kifusi.

WANAOUZA NAO NI WAFANYAKAZI

Tusisahau upande wa pili. Kijana anayekujibu usiku simuni huenda hana mshahara. Wako wanaolipwa kamisheni tu, wakijinunulia vifurushi vya intaneti. Asipouza, halali na chakula. Ndiyo sababu humsukuma mnunuzi, na biashara ikiharibika jina lake na uso wake ndivyo vilivyo kwenye video, wakati mwenye mali hajulikani.

KWETU TUSIO RAIA WA KENYA

Mtanzania akivutwa na tangazo la Kenya ajue hili: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Anayekuahidi umiliki wa milele anakudanganya. Na hapa kwetu, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, matangazo ya viwanja yamejaa simuni vile vile. Maswali ni yale yale.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, kabla ya kutuma hata shilingi moja:

1. Nenda mwenyewe kwenye kiwanja, tena siku usiyopangiwa na muuzaji. Zungumza na majirani.
2. Kagua rekodi katika ofisi ya ardhi. Usikubali nakala ya ukaguzi unayoletewa na muuzaji.
3. Mwajiri mpimaji na wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Mkiwa kikundi, changeni gharama.
4. Lipa kwenye akaunti ya aliyetajwa katika mkataba, kamwe si kwenye simu ya dalali.
5. Hifadhi tangazo, video na ujumbe wote. Tangazo hufutwa upesi likianza kudaiwa.

Simu ni chombo kizuri cha kutafutia kiwanja. Cha kununulia ni miguu, macho na daftari la ofisi ya ardhi. Fedha iliyokusanywa shilingi kwa shilingi kiwandani na shambani haistahili kutoka kwa kubonyeza mara moja.