Mpigakura Anapohama Chama, na Chama Kinapomhama Mpigakura

Katika uchanganuzi wa matokeo ya uchaguzi nchini Kenya husemwa mara kwa mara kwamba wapigakura wa eneo fulani wamehama chama, na kauli hiyo huchukuliwa kuwa imejieleza yenyewe, ilhali ndani yake mna mambo matatu yasiyolingana. La kwanza ni uanachama wa daftari, yaani jina la mtu kuwamo katika orodha inayohifadhiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. La pili ni utambulisho wa chama, yaani hisia ya kudumu ya mtu kwamba chama fulani ni chake hata asipokuwa na kadi. Na la tatu ni kura yenyewe, inayopigwa kwa siri na ambayo haimlazimu mpigaji kufuata daftari wala hisia. Mtu anaweza kubadilisha moja kati ya hayo bila kugusa mawili yaliyosalia, na ndiyo sababu swali la kwa nini wapigakura huhama linahitaji kutanguliwa na swali la nini hasa kilichohama.

Mtaa wa Lavington, ulio magharibi mwa kitovu cha Nairobi, unafaa kulichunguzia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtaa unaogusana na siasa za vyama: ni humo ambamo chama cha DCP cha aliyekuwa Naibu Rais, Rigathi Gachagua, kilizinduliwa Mei 15, 2025. Pili, Lavington iko katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, lenye wadi za Kilimani, Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro, ambamo wenye nyumba za ua mpana na wapangaji wa vyumba vya mabati humchagua mbunge mmoja.

Uanachama wa daftari ndicho kipimo hafifu zaidi kati ya vitatu hivyo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inakataza mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na inakitaka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, walio wapigakura waliosajiliwa, katika kila kaunti miongoni mwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Sharti hilo lilikusudiwa kuzuia vyama vya kijiji kimoja, lakini limezaa pia tamaa ya kukusanya majina kwa njia yoyote, na mwaka 2021, pale Wakenya walipopata njia ya kujikagua kupitia jukwaa la serikali la eCitizen, wengi walilalamika kwamba wamekuta majina yao katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu wa namna hiyo akijiondoa huhesabiwa kuwa amekihama chama, ilhali hakuwahi kukaa ndani yake.

Utambulisho wa chama ni dhana nzito zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, wakiongozwa na Angus Campbell, waliieleza mwaka 1960 kuwa ni uaminifu unaorithiwa nyumbani tangu utotoni, unaoimarika kadiri umri unavyosonga, na usiotikiswa kwa urahisi na mgombea mmoja au kashfa moja. Nadharia hiyo ilizaliwa katika nchi ambayo vyama vyake viwili vikuu vimeishi zaidi ya karne moja, hivyo mzazi alikuwa na chama cha kumrithisha mwanawe. Nchini Kenya, ukiiondoa KANU iliyoundwa mwaka 1960 na kutawala hadi 2002, vyama vilivyoshika madaraka vimekuwa na maisha mafupi kuliko ya wapigakura wao, na kwa sababu hiyo uaminifu umejifunga kwa kiongozi, jamii na kambi, huku jina la chama likibaki kuwa nguo inayobadilishwa kila msimu.

Ushahidi wa hali hiyo unapatikana katika historia ya tangu Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991 na mfumo wa vyama vingi kurejea. Mpigakura aliyemfuata Mwai Kibaki tangu 1992 alipigia DP mara mbili, akapigia NARC mwaka 2002 na PNU mwaka 2007, na kama alibaki katika kambi hiyo baada ya Kibaki kustaafu, alipigia TNA mwaka 2013 na Jubilee mwaka 2017. Jirani yake aliyemfuata Raila Odinga alianza na FORD-Kenya, akahamia NDP mwaka 1997, akaingia NARC kupitia LDP mwaka 2002, kisha akatulia ODM kuanzia 2007. Kwa hesabu ya majina ya vyama, watu hao wawili ni wahamaji wakubwa, lakini kwa hesabu ya msimamo hawakuhama hata hatua moja.

Maeneo bunge ya magharibi mwa Nairobi yameishi historia hiyo kwa karibu. Beth Mugo alishinda kiti cha Dagoretti kwa tikiti ya SDP mwaka 1997, ya NARC mwaka 2002 na ya PNU mwaka 2007. Na Fred Gumo wa Westlands alichaguliwa kupitia KANU mwaka 1997, NARC mwaka 2002 na ODM mwaka 2007. Baada ya mipaka kuchorwa upya, Beatrice Elachi aligombea Dagoretti Kaskazini mwaka 2017 kwa tikiti ya Jubilee akashindwa na Simba Arati wa ODM, na mwaka 2022 akarudi kwa tikiti ya ODM yenyewe na kushinda. Mkazi wa Lavington aliyempigia Elachi mara zote mbili anaonekana katika takwimu kuwa amehama kutoka Jubilee hadi ODM, na aliyeipigia ODM mara zote mbili anaonekana kuwa hajahama, ingawa huyo wa pili ndiye aliyebadilisha mtu.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba mpigakura wa Kenya ni mfuasi tu anayeburutwa na kigogo wake, kwa maana wapo wanaohama kwa hesabu yao wenyewe. Mwanasayansi wa siasa Morris Fiorina alieleza mwaka 1981 kwamba mpigakura huweka kichwani mizani ya utendaji, ambamo huongeza na kupunguza alama za kila chama kadiri anavyoona matokeo ya utawala wake, na pindi alama zikishuka mno, uaminifu wa zamani hauwezi tena kuzifidia. Mfano mzito ni uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, baada ya maridhiano yake na Odinga ya Machi 9, 2018, aliwaomba wafuasi wake wa eneo la Mlima Kenya wamuunge mkono mpinzani wake wa zamani, lakini sehemu kubwa ya wapigakura hao walimpigia William Ruto wa UDA, aliyeshinda kwa takriban asilimia 50.5 ya kura dhidi ya asilimia 48.9 za Odinga. Ugumu wa maisha baada ya janga la korona, biashara ndogo zilizodorora na ahadi ya kuinua uchumi kuanzia kwa watu wa chini vilichangia, lakini palikuwa pia na hoja nyingine: wapigakura hao walimwona kiongozi wao kuwa ndiye aliyeondoka katika msimamo ambao yeye mwenyewe aliwafundisha katika chaguzi mbili zilizotangulia. Kwa hiyo walikiacha chama chake cha Jubilee ili wabaki pale walipokuwa.

Aina ya tatu ya mabadiliko haihusu uamuzi wa mtu yeyote, bali mabadiliko ya watu wenyewe. Lavington ya nyumba moja katika bustani pana imekuwa ikipungua, na mahali pake yamejengwa maghorofa ya makazi yanayoingiza familia nyingi katika kiwanja kilichokuwa cha familia moja. Wanaohamia hupeleka usajili wao wa kura huko, wanaoondoka huuchukua, wazee hufariki, na vijana hutimiza miaka 18. Hivyo kituo kilekile cha kupigia kura kinaweza kutoa matokeo tofauti baada ya miaka kumi bila mkazi hata mmoja kubadilisha nia. Wanatakwimu huonya dhidi ya kukisia tabia ya mtu binafsi kutokana na jumla ya eneo, kosa linaloitwa upotofu wa jumla, na ndilo linalotendwa kila inaposemwa kwamba mtaa fulani umegeuka.

Pamoja na hao wapo wanaohama kwa kutokwenda popote. Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alionyesha kwamba mtu asiyeridhika na shirika ana njia mbili, ya kuondoka na ya kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaochelewesha kuondoka ili sauti ipate nafasi. Katika siasa, kuondoka kunaweza kuwa kubaki nyumbani siku ya kura. Idadi ya waliojitokeza nchini ilishuka kutoka karibu asilimia 78 Agosti 2017 hadi karibu asilimia 65 mwaka 2022, na sehemu ya kura zilizosemekana kuwa zimehama haikufika kwa chama kingine chochote. Katika mtaa ambamo wengi hujinunulia ulinzi, maji ya kisima na shule za binafsi, kutopiga kura hakuna gharama ya papo hapo, ilhali jirani wa Kawangware anayetegemea basari ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge na zahanati ya umma huuhisi ushindi au ushinde wa chama katika mambo ya kila siku.

Jambo linalodhihirisha zaidi uhuru wa wapigakura wa Nairobi ni kugawanya kura. Vyama huwasihi wafuasi wapige kura za suti, yaani wachague wagombea wa chama kimoja katika nafasi zote sita, lakini tangu kaunti zianze mwaka 2013 wakazi wa jiji hawajawahi kuzikabidhi nafasi tatu kuu za kaunti kwa chama kimoja. Mwaka 2013 walimchagua Evans Kidero wa ODM kuwa gavana, huku Mike Sonko na Rachel Shebesh wa TNA wakipewa useneta na uwakilishi wa wanawake. Mwaka 2017 ugavana na useneta vilikwenda kwa Sonko na Johnson Sakaja wa Jubilee, na uwakilishi wa wanawake kwa Esther Passaris wa ODM. Mwaka 2022 Sakaja, akiwa sasa katika UDA, alishinda ugavana katika kaunti ambayo Odinga alimshinda Ruto katika kura ya urais, na ambayo Edwin Sifuna na Passaris wa ODM walinyakua useneta na uwakilishi wa wanawake. Maelfu ya wapigakura walikuwa katika vyama viwili ndani ya chumba kimoja cha kupigia kura.

Hali ya baada ya 2022 inafanya utenganishaji huu wa dhana uwe wa lazima. UDA na ODM zilitia saini mkataba wa ushirikiano Machi 7, 2025, Odinga akafariki Oktoba 15 mwaka huohuo, na uchaguzi mkuu unatarajiwa Agosti 2027. Matokeo yatakapotangazwa, watakuwapo watakaosema kwamba wapigakura hawana msimamo. Kauli hiyo haitakuwa na uzito mpaka msemaji aonyeshe ni kura ngapi zilimfuata kiongozi aliyebadilisha tikiti, ngapi zilikwenda kwingine kwa sababu ya rekodi ya utawala, ngapi ni za wakazi wapya, na ngapi hazikupigwa kabisa. Vyama navyo vina wajibu wa kutangulia kujikagua, kwani chama kinachovunjwa kila baada ya chaguzi mbili hakina haki ya kumdai raia uaminifu ambao chenyewe hakikumpa. Na raia, kwa upande wake, akague sasa jina lake katika daftari la Msajili, kabla ya kura za mchujo kuanza, ili awemo katika chama alichokichagua mwenyewe.