Taa za Mchana: Manufaa na Mipaka Yake

Taa za mchana ni taa za mbele zinazojiwasha injini ya gari inapowashwa. Kazi yake si kumulika njia, bali kulifanya gari lionekane mapema na waendao kwa miguu pamoja na madereva wanaolikabili. Umoja wa Ulaya ulizifanya kuwa za lazima kwa aina mpya za magari mwaka 2011.

Gharama yake ni ndogo. Taa za LED hutumia umeme kidogo sana. Balbu za kawaida, zenye takriban wati 55 kila moja, huongeza kidogo matumizi ya mafuta na huchakaa mapema.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo nyuma. Katika magari mengi, taa za mchana zikiwaka, taa za nyuma hubaki zimezimika. Dereva huona mwanga mbele yake akadhani anaonekana, ilhali lori linalomfuata mvuani halina cha kumtambulishia gari lake.

Kwa hiyo tunakushauri: mvua ikinyesha, ukungu ukitanda au jua likichwa, washa mwenyewe taa za usiku, kwa mwanga wa chini. Unaponunua gari lililokwisha kutumika, washa injini, kisha zunguka nyuma ukathibitishe kwa macho yako.