‘Imeharibika’ au ‘imefungwa’? Diski ilivyonifunza sarufi

Majuzi nilipoboresha Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, DVD ya tamthilia ninayofundishia ilikataa kucheza. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili akakata shauri: “Prof, hii imeharibika. Tupa tu!”

Nikamwambia angoje. Nilitia diski ya mahojiano niliyoirekodi mwenyewe, ikacheza vizuri. Basi kisomaji cha diski kilikuwa kizima. Tofauti ni kwamba DVD nyingi za kununuliwa hufungwa kwa msimbo. Ubuntu haiji na maktaba ya kuufungua, libdvdcss, kwa sababu za kisheria, na kuboresha mfumo huweza kuiondoa uliyoiweka awali. Niliweka kifurushi cha libdvd-pkg, kisha nikaandika amri ‘sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg’. Tamthilia ikaanza.

Sasa sarufi. ‘Imeharibika’ ni kauli ya kutendeka: haidokezi mtenda, nasi hatuulizi zaidi. ‘Imefungwa’ ni kauli ya kutendwa. Mara moja twauliza: na nani? Ufunguo u wapi? Mwanafunzi wangu alikosea kitenzi, nusura nami nikose diski ambayo siku hizi haipatikani madukani. Tuchague kauli kwa makini kabla ya kutupa kitu.