Je, Wajua? Mwanga Usioonekana Unaopima Hata Shaba

Je, wajua kwamba maziwa ya ngamia yakitiwa ya mbuzi, mwanga unaweza kuyaumbua? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nizwa, Oman, walichapisha mbinu hiyo mwaka 2017. Waliyamulika kwa infraredi ya karibu, mwanga ulio nje kidogo ya wekundu tunaouona, kisha hesabu za kompyuta zikayatofautisha yaliyo safi na yaliyochanganywa. Mfugaji mwaminifu wa Sharqiyah, eneo la mashariki mwa Oman, ana sababu ya kufurahi, mchakachuaji hana.

Mwanga wa infraredi uligunduliwa mwaka 1800. William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Uingereza, aliweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, akakuta joto linazidi. Katika miaka ya 1960 Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliufanya kipimo cha nafaka.

La ajabu ni hili: infraredi ya karibu haisomi metali. Husoma mitikisiko ya hidrojeni iliyoshikana na oksijeni, naitrojeni au kaboni. Mbona basi hutumika kupimia shaba? Ipo kromatografia ya kusafishia protini, iliyotangazwa na Jerker Porath wa Sweden na wenzake mwaka 1975. Punje zake zina vishikizo vya kemikali vinavyobana ioni za shaba, nikeli au zinki, na ioni hizo ndizo zinazonasa protini. Mnunuzi hutaka kujua punje zinabeba metali kiasi gani. Njia ya zamani ni kuing'oa metali kwa kemikali na kuihesabu. Ukimaliza, sampuli nayo imekwisha. Lakini ioni ikikaa, hubadili mitikisiko ya kishikizo na ya maji yaliyo jirani, na badiliko hilo mwanga huliona. Ni kumjua mgeni kwa viatu vyake mlangoni.

Sharti lipo: sampuli za mwanzo lazima zipimwe kwa njia ya zamani, ili kompyuta ipate cha kulinganishia. Unyevu nao huvuruga, kwa kuwa maji hufyonza sana mwanga huu kwenye nanomita 1,450 na 1,940.

Shaba yenyewe si ngeni Sharqiyah. Huko Maysar, katika Wadi Samad, waakiolojia wa Kijerumani walifukua mabaki ya uyeyushaji wa shaba yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Enzi hizo watu wa Mesopotamia waliiita nchi ya Oman Magan, na shaba yao waliinunua huko.